Mfuko wa Koti la Mama

Mama alikataa kubeba mkoba wake. Tulikuwa tumeshaegesha gari, binti yangu ameshashuka na daftari lake, nami nimemfungulia mama mlango na kumpa mkono kwa sababu ya goti lake. Alishuka taratibu, akauacha mkoba kwenye kiti, kisha akausukuma kwa vidole hadi ukaanguka chini, mahali ambapo mtu asingeuona kupitia dirishani.

"Mama, mkoba," nikamwambia.

"Uache humo."

"Una dawa ndani."

"Dawa nilishakunywa. Funga gari."

Nilifunga gari. Nilidhani ni uzee, au uchovu, au ile hali yake ya kutotaka kutoka ambayo ilikuwa imemshika tangu afanyiwe operesheni ya goti. Kwa miezi mitatu alikuwa amekaa tu kwenye nyumba yetu ya kupanga kule Hopkins, hapa Marekani, kati ya kochi na jikoni, akitazama maegesho ya magari kupitia dirishani. Mimi nafanya kazi kwenye ghala kubwa la Shakopee, saa kumi kwa siku, siku nne kwa wiki, na kila niliporudi nilimkuta palepale nilipomwacha. Kwa hiyo binti yangu aliposema kwamba mwalimu wake wa historia amewataka watembelee nyumba ya kale na kuandika kurasa tatu, niliamua kwamba tutakwenda sote. Mama aliuliza nyumba ya namna gani. Nikamwambia ni nyumba ya tajiri wa zamani, mwenye viwanda vya unga, aliyekwenda Uingereza akaziona nyumba za mabwana wa shamba, akarudi akajenga ya kwake mfano wa zile, kando ya ziwa. Siku hizi ni ya shirika fulani na watu huingia kuitazama.

"Nyumba za bazungu nimeziona," mama akasema.

"Hii hujaiona."

Jumamosi asubuhi alivaa gauni lake la kanisani na koti la kijivu alilopewa na watu wa kanisa majira yetu ya baridi ya kwanza hapa, akakaa kwenye kochi kutusubiri.

Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Theluji ilikuwa haijaanguka, lakini upepo uliotoka ziwani ulikuwa wa kukata masikio. Nyumba ilikuwa ya mawe, ndefu, yenye mabomba mengi ya moshi na madirisha ya vioo vidogovidogo. Njia ya kokoto ilitupeleka hadi mbele, na pale mama akakunja kushoto, akaanza kuuzunguka ukuta.

"Koko, ni huku," binti yangu akamwita kwa Kiingereza, akimwonyesha mlango mkubwa. Koko ndivyo watoto wetu wanavyomwita bibi, na mara nyingi ndilo neno pekee lisilo la Kiingereza linalomtoka.

Mama alisimama, akautazama mlango ule, akarudi.

Ndani tulipokelewa na mwongoza wageni, mama mmoja mzee wa Kimarekani, amestaafu kazi ya ualimu, amevaa sweta ya kijani. Alikuwa mchangamfu. Kundi letu lilikuwa la watu watano: sisi watatu pamoja na mume na mke wa makamo waliotoka upande wa Saint Paul. Makoti tulitundika kwenye kulabu ukumbini. Mama alisita kulivua lake, lakini mle ndani palikuwa na joto, na mwongozaji alikuwa amenyoosha mkono kulipokea, basi akalivua.

Tulipita sebuleni, tukapita kwenye chumba cha vitabu. Binti yangu aliandika, mimi niliuliza swali moja la adabu kuhusu zulia. Nilikuwa nikimtazama mama kwa pembe ya jicho. Alitembea katikati kabisa ya kila chumba, mbali na meza, mbali na kabati, mikono ameifunga nyuma. Mtu angedhani ni askari wa gwaride.

Kwenye chumba cha kulia meza ilikuwa imeandaliwa kama kwamba wageni wanakuja: sahani, glasi, visu na vijiko vya fedha, vibakuli vidogo vya chumvi na vijiko vyake vidogo kama kucha. Kamba nyekundu ilipita pembeni, lakini ilikuwa fupi, na mtu akitaka angeweza kuufikia upande wa karibu wa meza. Mwongozaji aligundua kwamba mama anaitazama meza kwa makini kuliko sisi wote.

"Mama yako ana swali?" akaniuliza.

Nikamtafsiria mama. Akafikiri kidogo.

"Mwambie vile visu vya samaki vimegeuzwa. Makali yanatazama nje, si kwenye sahani."

Nikasema kwa Kiingereza. Mwongozaji akainama kutazama, akacheka, akasema mama amesema kweli na kwamba miaka yote aliyofanya kazi pale hakuna mgeni aliyewahi kuliona hilo. Yule mume wa Saint Paul akamgeukia mama akamwangalia kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Mimi mwenyewe nilishangaa.

"Umejuaje, Mama?"

"Tuendelee," akasema.

Kutoka pale tulirudi ukumbini, ambako mama alichelewa kidogo penye makoti kutoa karatasi ya kupangusa pua, kisha tukapita mlango mwembamba uliopakwa rangi ya ukuta, tukaingia upande wa watumishi. Dari ilishuka, sakafu ikawa ya vigae vilivyolika katikati. Ukutani palikuwa na ubao wenye kengele zilizopangwa mstari, na chini ya kila kengele jina la chumba. Mwongozaji akatueleza kwamba bwana au bibi wa nyumba alivuta kamba kule alikokuwa, na huku mtumishi alijua ni wapi anatakiwa. Akasema bado zinafanya kazi. Akatuomba tusubiri, akarudi chumba cha kulia, na mara kengele moja ikatikisika na kulia, kwa sauti nyembamba iliyojaa korido nzima.

Mama alirudi nyuma hatua moja, bega likagonga ukuta.

"Ninatoka," akasema.

"Unatafuta choo?"

"Ninatoka nje kidogo. Msinifuate."

Mwishoni mwa korido palikuwa na mlango wa kioo uliotazama uani. Alikwenda moja kwa moja hadi pale, akausukuma, akatoka. Hakutafuta njia. Nilitaka kumfuata, lakini mwongozaji alikuwa amerudi na uso wa furaha, anaeleza jambo, nikaona haya kumkatiza. Nikajiambia nitampa dakika tano.

Tulikuwa jikoni, tunatazama jiko la chuma ukubwa wa kitanda, wakati mwanamke mwenye suti nyeusi alipoingia na redio ya mkononi. Alikuwa msimamizi wa nyumba siku hiyo. Alimvuta mwongozaji pembeni, wakanong'ona. Kisha akaja mbele yetu, akatabasamu kwa midomo tu.

"Samahani kuwasumbua. Kijiko kimoja cha chumvi hakipo mezani. Asubuhi kilikuwepo. Nina hakika kuna maelezo ya kawaida, ila naomba sote tukae ukumbini kwa muda." Akatuhesabu kwa macho. "Nilidhani mko watano."

"Mama yangu ametoka nje kupata hewa," nikasema.

"Ametoka saa ngapi?"

"Sasa hivi. Dakika chache."

"Kupitia wapi?"

Nilinyoosha kidole kwenye mlango wa kioo. Akautazama mlango ule muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ukumbini hatukuketi. Msimamizi alieleza kwamba wangependa kutazama mikoba, kama hatuna pingamizi, na kwamba vyombo vile vina thamani ya kihistoria, kwa hiyo kanuni zinamtaka kutoa taarifa polisi kisipopatikana. Alisema hayo yote kwa upole. Halafu akamgeukia binti yangu, aliyekuwa karibu yake zaidi, akanyoosha mkono kuelekea kwenye begi lake.

Binti yangu hakulitoa begi begani.

"Anza na wao," akasema, akiwaonyesha wale mume na mke kwa kidevu. Sauti yake haikupanda.

Yule mke wa Saint Paul akawa mwekundu shingoni, akaufungua mkoba wake kabla ya mumewe kusema neno, akauweka wazi kwenye meza ya ukumbini. "Yuko sahihi," akasema. "Anzeni na sisi." Walitazama mkoba wake, mifuko ya mumewe, begi la binti yangu, mkoba wangu. Hakukuwa na kijiko.

"Basi amebaki mama yako," msimamizi akaniambia. "Unaweza kumleta, au nimtume mtu?"

"Namleta mwenyewe. Bila koti atapata baridi."

Nilichukua koti la kijivu kwenye kulabu nikatoka.

Wiki sita mbele mama alikuwa na mahojiano ya uraia. Tulikuwa tumemaliza mwaka mzima tukijiandaa, na mwaka huo watu wetu walikuwa na hofu ya kufukuzwa nchini, hata wenye karatasi zote. Kanisani tuliambiana tusiendeshe gari hata kama ni taa moja tu imeungua. Nikiwa nashuka ngazi za mawe niliwaona akilini polisi wakiteremka kwenye gari mbele ya nyumba ile, nikamwona mama akiulizwa kwa lugha asiyoijua, nikaona jina lake limeandikwa kwenye karatasi ambayo baadaye mtu mwingine, kwenye ofisi nyingine, ataisoma. Nilitembea haraka. Majani ya nyasi yalikuwa na umande ulioganda, yakivunjika chini ya viatu vyangu. Nilipita vitanda vya maua ya waridi vilivyofunikwa magunia kwa ajili ya baridi. Nilipita nyumba ya vioo ya miche, tupu. Mama hakuwepo. Bustani ilishuka ngazi kwa ngazi hadi ziwani, na ziwa lilikuwa la rangi ya bati, halina mtu.

Niliita mara mbili. Kisha nikaingia nyuma ya ua mrefu wa miti iliyokatwa sawasawa kama ukuta, mahali ambapo dirisha lolote la nyumba lisingeweza kuniona, nikasimama.

Na pale nikafanya nilichofanya. Niliutia mkono kwenye mfuko wa kulia wa koti la mama. Kulikuwa na karatasi laini iliyokunjwa mara nne, na peremende mbili. Nikautia kwenye mfuko wa kushoto: kadi ya basi, na picha ndogo ya binti yangu alipokuwa darasa la pili. Nikafungua zipu ya mfuko wa ndani, nikapapasa hadi kwenye pembe, nikaubinya ushonaji wa chini kwa vidole, kipande kwa kipande, kama tunavyofundishwa kazini kukagua mzigo uliochanika. Wakati nafanya hivyo nilikuwa nimeshaamua nitakachofanya nikikipata. Ningekitupa ziwani.

Nilipoinua uso mama alikuwa ananitazama.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la jiwe, mahali ambapo ua ule ulikunja kona, hatua kumi kutoka kwangu. Mikono ameiweka chini ya makwapa kwa ajili ya baridi. Sijui alikuwa ananitazama tangu lini.

"Umekiona?" akaniuliza.

Nilimfuata, nikataka kumvika koti, akalichukua mkononi mwangu na kulivaa mwenyewe, mkono mmoja baada ya mwingine.

"Ni kitu gani wamepoteza?"

"Kijiko. Kile kidogo cha chumvi."

Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemwambia ni saa ngapi.

"Mama, nilitaka kuwa na hakika tu. Kwa sababu ya mahojiano. Wanasema wataita polisi."

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Jiwe lilikuwa baridi sana.

"Kabla sijakuzaa wewe nilifanya kazi miaka tisa nyumbani kwa bwana mmoja wa shamba la chai, juu ya ziwa, kule kwetu. Unajua nilifanya kazi. Hukuuliza kazi gani. Nilikuwa ninaandaa meza. Kulikuwa na kengele kama hiyo, ya Madamu. Siku moja saa yake ya mkono ikapotea. Alipiga kengele, nikaenda, nikamkuta amesimama na mpishi na mtu wa bustani. Akaniambia nifungue kitenge. Mbele yao. Nikafungua. Wakatazama, wakatikisa, wakaniambia nifunge. Kesho yake saa ikaonekana bafuni, chini ya taulo."

"Akakuomba radhi?"

"Alinipa sabuni ya kunukia." Akalinyoosha goti lake. "Lakini si hilo. Yeye alikuwa yeye. Jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu ni kwamba nilirudi. Alipopiga kengele tena nilikwenda. Baba yako alikuwa mgonjwa, kazi nyingine hakuna, nikarudi nikakaa miaka miwili mingine. Kila kengele ilipolia mwili wangu ulikwenda kabla sijafikiri. Leo pia, mle ndani, miguu ilitaka kwenda. Ndiyo maana nimetoka."

Mkoba aliouacha garini, mlango wa nyuma aliotaka kuuzungukia, mikono nyuma ya mgongo: vyote vilikuwa mbele yangu tangu asubuhi, nami nilivisoma kama ukaidi wa mtu mzee. Nilitaka kumshika mkono, lakini mkono wangu ndio uleule uliotoka mfukoni mwake.

"Mama, nisamehe."

"Twende juu," akasema. "Wakija kunichukua huku itakuwa mbaya zaidi."

Alipanda ngazi zile za mawe akishika ukingo, goti linamsumbua, na hakutaka nimsaidie. Tulizunguka hadi mbele. Safari hii alikwenda kwenye mlango mkubwa bila kusita.

Ukumbini mambo yalikuwa yamebadilika. Mwongozaji wa sweta ya kijani alikuwa amesimama na kiboksi cha mbao mikononi, machozi yanamlengalenga. Kijiko kilikuwa ndani ya kiboksi. Mfanyakazi wa usafi alikuwa amekitoa asubuhi ile ile kukisugua kwa sababu kilikuwa cheusi, akakiacha kwenye chumba cha kazi bila kumwambia mtu, akaenda kula. Binti yangu alikuwa amekaa chini ya saa kubwa, amelikumbatia begi lake. Alipomwona bibi yake aliinuka akaja kusimama karibu naye, bega kwa bega.

Msimamizi alinifuata mimi.

"Naomba radhi sana," akaniambia. "Ni kosa letu kabisa. Tafadhali mwambie mama yako kwamba tunasikitika."

Nilipofungua kinywa kutafsiri mama akanigusa kiwiko. Alikuwa ameelewa. Miaka sita ya kuishi hapa na kutazama televisheni haikwenda bure.

"Mwambie aniambie mimi," akasema.

Nikamtafsiria. Msimamizi akageuka, akamkabili mama, akamtazama machoni na kusema tena, taratibu, neno kwa neno, kwamba anaomba radhi. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Hakutabasamu, wala hakusema si kitu.

"Asante," akajibu kwa Kiingereza. Kisha akanigeukia. "Ghorofani hatujafika."

"Mama, twende nyumbani."

"Mtoto ana kurasa tatu za kuandika."

Basi tulipanda. Mwongozaji alitangulia, sauti yake imepungua, na wale mume na mke walikuwa wameshaondoka. Mama alisimama kwenye kila mlango wa kila chumba cha kulala, akatazama vitanda, mapazia, beseni za kunawia. Mikono yake sasa ilikuwa mifukoni mwa koti. Mimi sikuona chochote kilichokuwa mle. Nilihesabu vyumba tu, nikiomba viishe.

Njiani kurudi binti yangu aliuliza kwa Kiingereza kama anaweza kuandika yote yaliyotokea. Nikamwambia amuulize bibi yake. Akauliza, na ili aeleweke akajitahidi kwa Kiswahili, maneno yakimponyoka na mengine akiyaacha. Mama akasema aandike, ila aandike vizuri, na asimpunguzie mtu wala kumwongezea.

Siku zilizofuata mama aliendelea kama kawaida, na hilo ndilo lililonitesa. Alipika, aliomba kabla ya kula, aliniuliza habari za kazini. Alifaulu mahojiano yake, tukala wali na kuku na majirani. Lakini kwa wiki kadhaa kila alipovua koti alilikunja na kwenda nalo chumbani kwake badala ya kulitundika pamoja na yetu mlangoni. Huenda lilikuwa jambo la bahati tu. Sikuthubutu kuuliza.

Ilikuwa Januari niliporudia habari ile. Tulikuwa jikoni tunachambua sombe, majani ya muhogo yaliyogandishwa, tuliyonunua duka la mtaa wa Phillips, tukitoa vijiti. Sikumtazama. Nilimwambia kwamba siku ile, kabla hata ya kuwaza polisi, kabla ya mahojiano, kwa kitambo kidogo sana, niliamini kwamba amekichukua. Nilitaka ajue hivyo, si lile la hofu nililomwambia bustanini.

Mama aliendelea kuchambua.

"Nilijua," akasema. "Mtu anayetafuta akitumaini kutokiona hatafuti hadi kwenye ushonaji."

Kisha akasogeza bakuli lake karibu na langu, akaanza kuchambua upande wa kwangu, kwa sababu, alisema, mimi naacha vijiti vingi, na vijiti vinamkwaruza koo.